Mapunye, Mionzi na Ubongo wa Mtoto

Mapunye hayahitaji utambulisho. Mabaka ya mviringo kichwani, nywele zimekatika kama zilizoguguniwa, mama anachukua wembe, anamnyoa mtoto, anampaka dawa, maisha yanaendelea. Lakini kabla vidonge vya kuua fangasi havijapatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, hospitali za nchi nyingi ziliyatibu kwa eksirei. Kichwa cha mtoto kilimulikwa upande huu na upande ule mpaka nywele zote zidondoke, na fangasi aondoke nazo. Miezi michache baadaye nywele ziliota upya, na kila mtu akaona kazi imekwisha.

Israeli ilifanya hivyo kwa wingi kati ya mwaka 1948 na 1960, hasa kwa watoto wa familia zilizohamia huko kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Baadaye watafiti, miongoni mwao Baruch Modan na Elaine Ron, waliwafuatilia watu 10,834 waliotibiwa namna hiyo utotoni. Waliwalinganisha na watu wa idadi hiyohiyo ambao hawakupigwa mionzi, na pia na ndugu zao wa tumbo moja. Ripoti waliyoitoa mwaka 1988 ilionyesha kuwa meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, iliwapata waliomulikwa takriban mara 9.5 zaidi ya wenzao. Kabla ya hapo walikwisha kuona kwamba watoto hao walipata alama za chini kidogo kwenye mitihani na waliacha shule mapema kidogo kuliko ndugu zao. Mwaka 1994 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia.

Ubongo wa kila mmoja wa watoto hao ulipokea wastani wa grei 1.5. Grei ni kipimo cha mionzi iliyonyonywa na mwili, kama vile gramu ilivyo kipimo cha uzito. Sasa weka namba hiyo kando ya nyingine: mtoto wa leo mwenye saratani ya ubongo huweza kupewa grei 54 mahali uvimbe ulipokuwa, kwa mafungu ya grei 1.8, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6.

Mzazi akisoma hapo anaweza kusema basi, mwanangu hachomwi mionzi. Asiharakishe. Mapunye hayaui. Uvimbe wa ubongo unaua, tena haraka. Ndiyo maana hadithi ya mapunye inaudhi na hadithi ya saratani haiudhi kwa namna ileile, ingawa mionzi ni ileile. Katika mapunye, mtoto aliuziwa hatari ya miaka 40 mbele kwa faida ya nywele safi. Katika saratani anauziwa hatari hiyohiyo, kubwa zaidi, lakini kwa faida ya kuiona hiyo miaka 40. Cha kujadili ni kama waliomtibu na waliomlea wanajua bidhaa hiyo ina gharama gani, inalipwa lini, na nani atakuwapo siku ya kulipa.

Kidogo kuhusu neno. Mitaani tunasema mtoto "anachomwa mionzi", na wengi huwaza moto. Mtoto hasikii chochote wakati wa tiba. Analazwa mezani, uso umefunikwa barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa umbo lake ili asisogee, mashine inavuma dakika chache, anashuka. Wadogo mno hupewa dawa ya usingizi, kwa sababu hakuna mtoto wa miaka 3 atakayetulia kama gogo akiwa peke yake chumbani. Uharibifu hutokea ndani ya seli, kwenye vinasaba vyake. Seli za saratani, ambazo zinagawanyika ovyo na hazijui kujikarabati vizuri, hufa kwa wingi. Seli nzima nyingi hujikarabati. Zile zisizojikarabati sawasawa ndizo zinazozaa makala hii.

Wiki chache baada ya tiba kuisha, baadhi ya watoto hupatwa na usingizi mzito wa mchana, uchovu na kukosa hamu ya kula. Wazazi hushtuka wakidhani ugonjwa umerudi. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Madhara yanayotuhusu hapa ni yale yasiyopita, na ajabu yake ni kwamba hayaonekani mwanzoni.

Kuyaelewa, twende Memphis, Marekani. Hospitali ya St. Jude ilifunguliwa huko mwaka 1962, na daktari Donald Pinkel akaamua kushughulika na saratani ya damu ya watoto, ugonjwa ambao siku hizo ulikuwa sawa na hukumu ya kifo. Dawa zilikuwa zinasafisha damu kwa miezi kadhaa, kisha saratani inaibuka tena, na mara nyingi ilianzia kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo. Dawa nyingi hazipenyi vizuri kuingia huko, kwa hiyo seli chache zilikuwa zinajificha na kusubiri. Pinkel na wenzake wakalifuata jeshi hilo mafichoni: wakaupiga mionzi ubongo wote wa mtoto, grei 24, hata kama hakuna dalili yoyote ya ugonjwa kichwani, na kuongeza sindano za dawa kwenye uti wa mgongo. Karibu nusu ya watoto wa awamu ile ya mwishoni mwa miaka ya 1960 walipona kabisa. Haikuwahi kutokea. Mpango huo ukaenea dunia nzima.

Kisha watoto wakarudi shuleni.

Walimu ndio walioanza kuona. Mtoto hakuwa na kifafa, hakuwa amepooza, aliongea vizuri na kucheka na wenzake. Ila alikuwa mzito. Anaponakili sentensi ubaoni, mwalimu amekwisha kufuta. Hesabu ya hatua tatu ilimpotea kwenye hatua ya pili. Akiambiwa mambo mawili kwa pamoja, alifanya moja. Wengine waliitwa wavivu, na nina hakika wengine walichapwa kwa uvivu huo.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi, hata waliosoma, hulielewa kinyume. Utafiti ukisema kwamba kipimo cha akili cha watoto hawa kinashuka mwaka hadi mwaka, msikilizaji huwaza kwamba mtoto anasahau, anarudi nyuma, kama mzee anayepoteza kumbukumbu. Sivyo. Kipimo hicho humlinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule. Mtoto wa miaka 6 akijua maneno 100 leo na 130 mwakani ameongeza maneno 30. Lakini kama wenzake wameongeza 60, alama yake imeshuka. (Namba hizi ni za mfano tu.) Ni kama watu wanaokwenda kisimani kwa pamoja: mmoja hajarudi nyuma hata hatua moja, ila hatua zake ni fupi, na kila ukigeuka pengo limepanuka. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, watoto waliopewa mionzi iliyopunguzwa kwa ajili ya saratani ya ubongo wa nyuma walishuka wastani wa pointi 4.3 kila mwaka. Mwaka wa kwanza hakuna atakayeona. Mwaka wa tano kila mtu anaona, na wakati huo hakuna anayekumbuka kuhusisha na mashine ile.

Kwa nini hatua zinakuwa fupi? Mawasiliano ndani ya ubongo hupita kwenye nyuzi, na nyuzi hizo zimevikwa mafuta yanayoitwa mailini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Penye mailini nzuri ujumbe hukimbia. Mtoto hazaliwi na mailini kamili. Inaendelea kuvikwa tangu uchanga mpaka ujana, na sehemu za mbele za ubongo, zinazohusika na kupanga mambo na kutulia, humaliziwa mwisho kabisa. Seli zinazotengeneza mailini hudhurika kwa mionzi, na vivyo hivyo mishipa midogo ya damu inayozilisha. Kwa hiyo fundi amejeruhiwa katikati ya ujenzi. Nyumba iliyokwisha kuezekwa haidhuriki sana fundi akiumia. Ile iliyo kwenye lenta inabaki hapohapo. Ndiyo sababu mtu wa miaka 40 huweza kuvumilia kipimo ambacho mtoto wa miaka 4 hakivumilii, na kwa nini madaktari wengi hufanya kila wawezalo, kwa dawa au upasuaji, kuahirisha mionzi ya ubongo mzima kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka 3.

Kuna sehemu nyingine, hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo kwenye usawa wa masikio, ambako kumbukumbu mpya hupokelewa kabla ya kuhifadhiwa. Ina seli mama zinazozaa seli mpya za neva. Mwaka 2002 Michelle Monje, Theo Palmer na wenzao walionyesha katika panya kwamba baada ya mionzi seli hizo hazizai tena seli za neva kama zamani, na kwamba tatizo si zenyewe tu bali pia mazingira yaliyozizunguka, ambayo yamejaa uvimbeuchungu usioisha, yaani kinga ya mwili iliyochachamaa. Shamba lenyewe limebadilika, si mbegu tu.

Nani basi ataumia zaidi? Mambo matatu huamua: umri, kipimo cha mionzi, na ukubwa wa eneo lililomulikwa. Mtoto wa miaka 14 aliyemulikwa sehemu ndogo nyuma ya kichwa huweza kumaliza chuo kikuu bila tofauti kubwa. Wa miaka 4 aliyemulikwa ubongo wote na uti wa mgongo ana safari nyingine. Lakini kipimo kidogo nacho si bure. Nchini Sweden, wavulana waliotibiwa kwa mionzi kati ya 1930 na 1959 kabla ya kufikisha umri wa miezi 18, kwa sababu ya alama nyekundu za kuzaliwa nazo kwenye ngozi, walifuatiliwa walipopimwa kuingia jeshini. Walikuwa 3,094. Kati ya wale ambao ubongo wao haukupata mionzi, takriban asilimia 32 walifika sekondari ya juu; kati ya waliopata zaidi ya robo ya grei, ni kama asilimia 17. Robo ya grei! Kwa alama ambayo mara nyingi ingefifia yenyewe.

Tuache akili kidogo, twende chini ya ubongo. Hapo inaning'inia tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, pamoja na kituo kinachoiamuru, haipothalamasi. Hawa wawili ndio wanaotoa amri ya kukua, kubalehe, tezi ya shingo kufanya kazi, na mwili kuhimili homa na ajali. Homoni ya ukuaji ndiyo dhaifu kuliko zote: kipimo cha grei 18 au zaidi huanza kuidhuru, na zaidi ya grei 30 watoto wengi huipoteza ndani ya miaka michache. Na hapo kuna mtego. Mionzi hiyohiyo huweza kuamsha balehe kabla ya wakati, hasa kwa wasichana. Balehe humpandisha mtoto kimo ghafla. Familia inafurahi: mtoto amenona, amerefuka, ugonjwa umeisha! Kumbe anatumia haraka akiba ya urefu ambayo haijazwi tena, mifupa inajifunga mapema, na miaka miwili baadaye amesimama palepale huku wadogo zake wanampita. Rula ukutani, alama ya penseli na tarehe kila baada ya miezi 6, vingeonyesha hilo mapema, na ni vipimo visivyohitaji maabara. Kama uti wa mgongo nao ulimulikwa, kiwiliwili hubaki kifupi hata homoni ikitibiwa.

Masikio na macho nayapitia haraka. Mionzi karibu na sikio la ndani, ikiungana na dawa ya saratani iitwayo sisplatini, hupunguza usikivu, hasa wa sauti nyembamba. Mtoto husikia kelele lakini hapati maneno, na kosa hilo huhesabiwa kuwa la akili. Macho huweza kupata mtoto wa jicho. Nywele huweza kubaki haba mahali pamoja.

Linalowatia watu hofu zaidi ni saratani ya pili, kwa hiyo inafaa kutoa namba zake halisi. Marekani na Kanada zilianzisha katika miaka ya 1990 utafiti mkubwa wa watu waliopona saratani za utotoni baada ya kugunduliwa kati ya 1970 na 1986 na kuishi angalau miaka 5. Katika watu 14,361, waliopata uvimbe mpya wa ubongo au uti wa mgongo walikuwa 116: meninjioma 66, glioma (uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe) 40, na wengine. Glioma, ambayo mara nyingi ni kali, ilikuja kwa kawaida miaka 9 baada ya saratani ya kwanza; meninjioma, ambayo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji, miaka 17. Hatari imepanda sana ukilinganisha na watu wengine, na kiini chake ni mionzi. Bado, wengi mno kati ya hao 14,361 hawakuipata. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na daktari anayemwambia mzazi moja tu hajamwambia ukweli.

Mishipa ya damu nayo hukakamaa na kusinyaa. Katika utafiti huohuo, waliopona uvimbe wa ubongo walipata kiharusi mara 29 zaidi ya ndugu zao. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni chini ya watu 3 kwa kila 1,000 kwa mwaka, ila miaka ni mingi. Kwa hiyo shinikizo la damu na sigara, ambavyo kwa kijana mwingine ni mambo ya kuonywa, kwake ni mambo ya kusimamiwa.

Waliotibu hawakukaa kimya. Grei 24 za saratani ya damu zilishuka hadi 18, kisha wakajiuliza kama zinahitajika kabisa. Kati ya mwaka 2000 na 2007, St. Jude ileile iliyoanzisha mionzi hiyo iliwatibu watoto 498 bila kumpiga mionzi ya kujikinga hata mmoja, kwa kuimarisha dawa za uti wa mgongo. Baada ya miaka 5, asilimia 93.5 walikuwa hai. Napenda hadithi hiyo kwa sababu nyumba iliyojenga ukuta ndiyo iliyoubomoa.

Uvimbe wa ubongo haujatoa ushindi mwepesi namna hiyo. Medulobilastoma, uvimbe wa ubongo wa nyuma unaopenda kusambaa kwa maji ya uti wa mgongo, ilianza kupona pale Edith Paterson wa Manchester, Uingereza, alipoonyesha katika ripoti ya mwaka 1953 kwamba lazima ubongo wote na uti wa mgongo wote vimulikwe. Kipimo cha kawaida kikawa grei 36, ukiacha nyongeza penye uvimbe. Kwa msaada wa dawa kikashushwa hadi 23.4 kwa watoto ambao ugonjwa wao haujasambaa. Basi wakajaribu kushuka tena, 18, kwa watoto wa miaka 3 hadi 7, wakitumaini kuokoa akili zao. Safari hii walirudishwa: saratani ilirudi kwa watoto wengi zaidi wa kundi la 18. Kilichofaulu katika utafiti huo ni kupunguza ukubwa wa eneo linalopewa nyongeza, badala ya kupunguza kipimo cha ubongo wote. Ukisikia mtu mtandaoni anadai madaktari wanatoa mionzi mingi kwa mazoea tu, mkumbushe hilo. Mstari kati ya kipimo kinachotosha na kisichotosha ulitafutwa, na kuna watoto waliolipa ili ujulikane.

Mionzi ya chembe ziitwazo protoni ni hatua nyingine. Mionzi ya kawaida huingia upande huu na kutokea upande wa pili; protoni huingia, hufika mahali palipopangwa, husimama. Kama uvimbe uko mahali pamoja, sehemu kubwa ya ubongo husalimika. Kama ni lazima ubongo wote umulikwe, faida kwa ubongo ni ndogo, ingawa moyo, mapafu na utumbo hukwepeshwa pale uti wa mgongo unapotibiwa. Afrika Mashariki hatuna mashine hiyo. Tunazo za kawaida, Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala, na shida kubwa ya watoto wetu ni kuchelewa kufika huko. Kichwa kinauma kila asubuhi, mtoto anatapika akiamka, anayumba kama mlevi, na miezi inaishia kwenye dawa za malaria na minyoo. Kwa mtoto kama huyo, kuogopa mionzi kwa sababu ya akili ya miaka ijayo ni kuogopa mvua ukiwa katikati ya mto.

Lakini akishapona, hapo ndipo mfumo wetu unapomwachia mkono. Kliniki ya saratani inatafuta saratani. Ikikosekana, mtoto anaambiwa nenda salama. Shule haijaambiwa kitu. Ukiwa mzazi au mlezi, ongea na mwalimu kabla ya alama kushuka, si baada. Omba akae mbele. Omba apewe muda zaidi kwenye mtihani na maswali machache kwenye kazi za nyumbani, kwa sababu shida yake ni mwendo, na mtoto mwenye mwendo mdogo akipewa muda mara nyingi hufika. Apimwe masikio. Apimwe kimo. Homoni ya tezi ya shingo ipimwe kila mwaka, kwani ikipungua mtoto hupoa na kuzubaa, na kidonge cha bei nafuu humrudisha.

Na tunza karatasi. Sio kadi ya kliniki peke yake, bali muhtasari wa tiba: ubongo wote au sehemu, grei ngapi, mafungu mangapi, tarehe zipi, dawa zipi. Uombe kwa daktari siku ya mwisho ya mionzi, wakati faili bado liko mezani, upige picha, umtumie shangazi na mjomba wa kuaminika, nakala moja iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyetibiwa akiwa na miaka 5 huenda hakumbuki chochote ila barakoa. Siku atakapoingia kliniki akiwa na miaka 30, kichwa kinamuuma kwa miezi miwili, daktari atakayempokea huenda siku hizo za mionzi alikuwa shule ya msingi. Atamuuliza kama amewahi kuugua sana utotoni.